Nilipompigia Mkamwana kwa Namba Iliyofichwa

Jumamosi, tarehe tisa Mei. Mvua ya asubuhi ilikatika saa nne, ukungu ukabaki umekaa juu ya migomba, baridi ya kuuma vidole.

Leo nimeongea na mkamwana wangu. Naandika hivyo halafu naona si sawa, maana yeye hakuwa anaongea na mimi. Sijui kama nimefanya vibaya. Nieleze tu, atakayesoma apime.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hasemezani nawe. Wengi wa mjini wameacha, ila huyu alilelewa na bibi yake, ameishika. Tangu aolewe, tukikutana njiani aliingia migombani na kunipa mgongo mpaka nipite. Si dharau, ndiyo heshima yenyewe. Nikipiga simu alikuwa anamwekea mtoto sikioni bila kusema neno, nami namsikiliza mjukuu akihema na kubwabwaja. Ilinitosha.

Mwanangu alikwenda Sauzi, Afrika Kusini, kutafuta maisha. Mwanzoni alipiga, kisha kimya, sasa ni zaidi ya mwaka. Kama yuko hai sijui. Mke wangu akamwambia mkamwana kwamba ndiye aliyemsukuma mumewe aondoke, naye akajibu. Sikuwepo, siwezi kusema nani alizidisha. Akarudi kwao Masoko na mtoto, na namba zetu hapokei tena. Simlaumu. Mke wangu naye simlaumu, aliyepotea ni mwanawe.

Basi leo sokoni Tukuyu nikamwuliza mama mmoja mwenye ushungi, anayesajili laini, kama mtu anaweza kupiga simu namba yake isionekane.

"Mzee wangu, unampigia nani mpaka ujifiche?"

"Mjukuu."

"Mjukuu! Isije ikawa nyumba ndogo." Akacheka, nami nikacheka kidogo.

Akanionyesha: alama ya reli, thelathini na moja, reli tena, ndipo namba yenyewe. "Huko wataona tu 'namba binafsi'. Ila wengine hawapokei, wanaogopa matapeli."

Nikasimama kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Niliwaza hivi: akipokea nitanyamaza, atachoka, ataiweka simu chini, na mtoto ataidaka kama kawaida yake.

Ikapokelewa kabla haijaita vizuri.

"Ni wewe?"

Nikanyamaza.

"Najua ni wewe. Usikate, mume wangu."

Hapo ndipo nikakumbuka, nimeshachelewa: simu za mwanangu kutoka Sauzi zilikuwa zinaingia hivyo hivyo, bila namba.

"Kama huwezi kusema, nitasema mimi," akaendelea, mbio mbio kama mtu anayeogopa salio litakatika. "Mtoto anatembea. Kila anayepita na pikipiki anamwita baba, watu wananicheka. Sijaenda kwa mtu, uliyosikia ni uongo, waliokuja nimewarudisha. Rudi hata mikono mitupu, mimi nitalima. Unanisikia? Basi kohoa. Kohoa tu nijue u mzima."

Koo lilikuwa linaniwasha kweli, kwa baridi ile. Nikaziba mdomo kwa kofia. Ningekata simu, angebaki anaamini. Ningekohoa, ningekuwa nimemdanganya kwa sauti ya mwanangu.

"Mwanangu," nikasema, "si yeye. Ni mimi, baba yake. Nisamehe."

Hakujibu. Angejibuje? Hakukata pia. Nikasikia simu inawekwa taratibu juu ya kitu kigumu, halafu hatua zinakwenda mbali, halafu kilio, cha mtu aliyejiziba kwa kanga. Kuku wakawa wanalia karibu na simu. Kisha pumzi ndogo sikioni mwangu.

"Baba?"

"Babu," nikasema. "Ni babu."

"Baba," akarudia, kwa furaha. Mtu mzima akamnyang'anya, ikakatika.

Nyumbani nikamweleza mke wangu yote, akiwa anamenya ndizi. Akamaliza kumenya aliyoishika.

"Ungekohoa," akasema.

"Ningekohoaje, mama? Ni uongo."

"Ungekohoa tu, mzee. Angelala leo."

Labda ana haki. Mimi niliona ukweli ni bora, lakini ukweli wenyewe siujui, najua tu kwamba aliyepiga nilikuwa mimi. Kisha akafuta mikono, akachukua simu yake na kumpigia mkamwana, namba yake ikionekana wazi. Alisema anataka kumwomba radhi kwa yale maneno. Ikaita mpaka ikakoma. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakoma. Hakupiga ya tatu. Akarudi kwenye ndizi zake, machozi yanamtoka na kisu mkononi.

Jioni tulikula ndizi na maharage. Chumvi ilikuwa imezidi, hakuna aliyesema.