Spika za Nyuma za Mwalimu Hiza

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nipige makofi. Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Tanga mjini, mtu mfupi asiyecheka ovyo, alinisimamisha katikati ya chumba kitupu akasema, "Piga, kisha usikilize chumba kinavyokujibu." Mafundi wengine, wote wanaume, wakaangua kicheko wakidhani ananidhihaki kwa kuwa mimi ni mwanamke. Hakuwa ananidhihaki. Kuta tupu na sakafu ya vigae hurudisha sauti kwa ukali, na fundi asiyeusikia mwangwi huo atafunga spika nzuri zilie kama debe.

Miaka ile tulifunga zaidi vipaza sauti vya mikutano na harusi. Watu walipoanza kutaka sinema majumbani mwao, Fundi Mkuu alinifundisha kuchora ramani ya chumba kabla ya kuchagua chombo chochote. Spika ya kati hukaa chini ya runinga, maana ndiyo inayobeba maneno ya watu. Mbili za mbele huachana, ili zenyewe na kochi zifanye pembetatu yenye pande sawa. Mbili za nyuma hufungwa juu kidogo ya masikio ya aliyeketi. Hizo ndizo zinazoleta mvua, nyayo, na mtu anayekunyemelea. Sabufa, ile ya besi, usiitupe kwenye kona, itanguruma hadi maneno yamezwe. Na kochi lisigande ukutani. "Anza na kitako cha mteja," alikuwa akisema, "spika zitafuata."

Alipostaafu, tukaletewa Meneja. Namtaja kwa cheo tu. Jina lake silitaki kinywani mwangu.

Mwalimu Hiza alikuwa Msambaa aliyehamia mtaa wa Nguvumali, Mlutheri aliyefundisha kwaya maisha yake yote. Presha ya macho ilikuwa imempofusha. Wanawe walimwagizia seti kamili dukani kwetu, mbele ya karakana, nami nikatumwa kupima sebule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe fundi? Basi sikiliza. Wajukuu hukaa hapa wakaangalia filamu. Wakicheka, nauliza kumetokea nini. Wananieleza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu wanachoka. Nataka niwe ndani pamoja nao, nisiwe mlangoni."

Nilipima kwa futi kamba asubuhi nzima. Nilisogeza kiti chake mara nne, nikapitisha nyaya za nyuma ukutani kwa mkono wangu. Kabla sijafunga spika, Meneja akanipeleka Pongwe kwenye kazi ya kanisa. Niliporudi, akaniambia ya Nguvumali imekwisha, watu wake wameimaliza.

Haikupita wiki, Mwalimu akapiga simu dukani. Nilikuwa nimesimama pale pale. Meneja aliziba simu kwa kiganja, akanong'ona, "Anasema nyuma yake kumekufa. Macho yameondoka, sasa na masikio."

Nilikwenda. Nikapanda ngazi, nikashusha spika moja ya nyuma. Ilikuwa nyepesi kama boksi la viatu. Nikafungua ya pili. Zote mbili zilikuwa maganda matupu ya maonyesho, yale yanayowekwa dirishani pa duka. Nyaya nilizopitisha zilikuwa zimekunjwa nyuma yake na kufungwa kwa utepe wa gundi.

"Umeona nini, mwanangu?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia.

"Walijua sioni," akasema.

Niliyabeba maganda yale hadi dukani, nikayabwaga juu ya kaunta mbele ya wateja. "Spika za Mwalimu ziko wapi?"

"Punguza sauti, Bi Mwanaidi. Zimekwenda Mkwaja, nyumba ya mapumziko ya mheshimiwa mmoja. Alikuwa na haraka."

"Na Mwalimu?"

"Yule ni kipofu. Atajua nini?"

"Mtu aliyekuwa akitambua katika kwaya nzima ni nani aliyekosea sauti, asijue spika iliyokufa? Wewe mwenye macho ndiwe usiyejua kitu!"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua seti akarudisha mkoba begani, akasema naye anataka zake zifunguliwe azione ndani. Hapo Mkurugenzi wa kampuni akatoka ofisini. Aliyatazama maganda, akamtazama Meneja, akaamuru nichukue jozi nzima kutoka stoo siku ile ile.

Nilizifunga mwenyewe. Wajukuu wakaweka filamu, na Mwalimu ameketi pale nilipompimia. Ghafla akageuza shingo. "Nani kafungua mlango?"

"Ni kwenye filamu, Babu!" watoto wakapiga kelele, naye akacheka hadi akajifuta macho.

Meneja hakuguswa. Mimi ndimi niliyeondolewa kwenye ufundi nikapelekwa stoo kugawa nyaya, hadi nikastaafu. Eti sina adabu mbele ya wateja.

Kwenye sherehe yangu ya kuagwa, Meneja ndiye aliyehutubia. Akasimulia jinsi kampuni "ilivyomhudumia kwa upendo mwalimu asiyeona." Watu wakampigia makofi. Nilipopewa kipaza sauti nikawaeleza yote, maganda, Mkwaja, na lile neno lake. Akainamia sahani yake. Baadhi ya wenzangu waliniambia nimeiharibu sherehe yangu mwenyewe. Na iharibike.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mtaambiwa kuwa mteja haelewi. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya kila mwizi. Watu husema uzee hupoza hasira. Yangu bado ya moto, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe, kwa sababu ukumbini nilisema yote isipokuwa moja. Mwaka wangu wa mwisho stoo, Meneja alileta karatasi ya kutoa maganda mengine mawili. Sikuuliza yanakwenda nyumba ya nani. Niliyafuta vumbi, nikampa.