Kompyuta ya Mwalimu Iligoma Kusema

Mwalimu aliyenifundisha hesabu sekondari alipofuka miaka miwili kabla ya kustaafu. Shule yake, huku kwenye vilima vya mawe vya wilaya ya Ilemela, ikamwita mbele ya bodi aonyeshe kama bado anaweza kusahihisha. Nikamwandikia programu ya kompyuta, kwa lugha ya Python, ya kumsomea kwa sauti majibu ambayo wanafunzi wamechapa. Nyumbani kwangu, mtaa wa Igoma, ilisoma vizuri wiki nzima kwenye laptopu yangu.

Siku ya kikao nilifika saa tatu asubuhi. Bodi ingekaa saa nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Iweke humu niisikie."

Nikaiweka kwenye kompyuta yake, nikaiwasha. Kimya.

"Inasema nini?"

Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja tu: faili la sauti halikupatikana. Sikutaka kumsomea.

Kosa lilikuwa langu. Sehemu ya kutoa sauti, yaani moduli ya sauti, niliiandika kwa lugha ya C, nayo hutegemea maktaba za sauti, yaani mafaili ambayo programu nyingi kwenye kompyuta hutumia kwa pamoja. Laptopu yangu ilikuwa nayo siku nyingi, hata nilisahau niliyaweka lini. Yake haikuwa nayo. Nilikuwa nimefungasha nilichoandika mimi tu.

Mtandao wa shule ulikuwa umekatika, na simu yangu haikupakua chochote. Nikatoa faili lililokosekana kwenye laptopu yangu, nikalihamisha kwa flashi, nikalitia ndani ya kifurushi cha programu na kuiagiza moduli ianze kutafuta hapo ilipo yenyewe. Nikawasha. Kimya tena. Faili lile nalo lilikuwa linategemea jingine.

"Ulijaribu kwenye mashine ngapi?" aliuliza Mwalimu.

"Yangu tu."

"Basi ulijisahihishia mtihani mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Nilitamani angepandisha.

Mkuu wa shule alichungulia mlangoni. "Mwalimu, wajumbe wameshakaa."

"Nakuja, mama."

Alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akipapasa. Kwa haraka nikakosea kuchapa amri mara mbili. Safari hii sikubahatisha: niliorodhesha kila faili ambalo moduli ilihitaji, na yale ambayo mafaili hayo yalihitaji. Yaliyokosekana yalikuwa mawili. Nikayaingiza yote.

Sauti ikatoka, kubwa mno: "Swali la kwanza. Eksi jumlisha saba ni sawa na sifuri. Eksi ni sawa na saba."

"Amekosa," Mwalimu alisema papo hapo. "Ni hasi saba. Kasahau alama alipohamisha."

Nilimbebea kompyuta hadi ndani, nikatoka kusubiri nje. Nikakaa chini karibu na mlango.

Alipotoka aliniambia bodi wamemruhusu aendelee muhula mmoja, kisha watamtathmini upya. Nilikasirika, nikataka kurudi ndani kuwauliza muhula mmoja ni wa nini. Mwalimu alinishika mkono.

"Nina madaftari ya kidato cha tatu hayajasahihishwa," alisema. "Nitafutie mtu wa kuyachapa kwenye kompyuta."