Chai Asiyoionja Kija

Magreti wa Magomeni, pale Kilosa mjini, hakununua kitu bila kukikagua. Gunia la mchele alilizamishia mkono hadi kwenye kiwiko, maana mchele mzuri hukaa juu na wenye chenga hukaa chini. Dagaa aliwanusa, nyanya alizigeuza chini juu, na mhubiri mgeni akija kanisani alimwuliza kwanza ametumwa na nani. Wauzaji wa sokoni walipomwona tu anakuja walianza kuapa kabla hawajaulizwa bei. Roho yake haikuwa mbaya. Alizaliwa Vidunda, mlimani, akashuka bondeni kuolewa na Kornelio, na Kornelio alipofariki akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Ditram, ambaye alimlea kwa mahindi na maandazi. Mjane anayemwamini kila mtu, alikuwa akisema, hulala na njaa.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mkwe kutoka kwa wafugaji wa Tindiga. Binti mwenyewe aliitwa Kija, mrefu, mpole, asiyeinua sauti hata akiita kuku. Baba yake, Mzee Mashauri, alikuwa amehamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Magreti naye alikuwa na shamba upande huohuo wa Tindiga, na mwaka mmoja ng'ombe wasiojulikana ni wa nani waliingia humo wakamwachia mabua matupu. Hakuna aliyesema walikuwa wa Mashauri. Hakuna pia aliyesema hawakuwa wake, na kwa Magreti hilo lilitosha.

Harusi ilipokwisha, Ditram akarudi kazini Mikumi, kwenye hoteli ya watalii, akawa anakuja nyumbani mwisho wa juma tu. Wakabaki wanawake wawili ndani ya nyumba moja, mmoja mpole na mwingine macho.

Chai ilianza masika, Magreti aliposhikwa na kifua. Alikohoa mpaka majirani wakamsikia. Asubuhi Kija alipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kifua hicho kinakutesa. Ngoja nikuchemshie chai ya viungo."

Akaenda kukata mchaichai uliokuwa umeota kando ya bomba, akauosha, akaufunga fundo. Akatwanga tangawizi kwenye kinu kidogo, akavunja kijiti cha mdalasini, akaziponda iliki kwa ubapa wa kisu, akatupia na karafuu. Vyote akaviacha vichemke kwa moto mdogo, sufuria imefunikwa, mpaka nyumba nzima ikanukia kama kuna mtu anapika pilau. Mwisho akafungua kitambaa alichokuja nacho kutoka kwao, akachota majani makavu, akayanyunyiza, akafunika tena. Magreti, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akijifanya anachambua mchicha, hapo akaacha kuchambua.

"Hayo nini?"

"Kivumbasi, mama. Bibi alikianika mwenyewe, akasema nisiondoke bila hiki."

Kivumbasi Magreti alikijua tangu utotoni. Kilikuwa kimeota hadi nyuma ya choo chake. Lakini mtu akishaamua kuogopa, hata jina la jani analolijua halimtulizi. Mbona kitoke Tindiga na hapa kipo? Na mbona kitambaa kifungwe kwa fundo juu ya fundo, kama kuna kitu kinachotaka kutoroka?

Hayo yote angeweza kuyameza. Lililomkaba lilikuwa jingine. Nyumbani kwao Vidunda, anayekuletea kinywaji huonja kwanza, mbele ya macho yako. Mama yake Magreti alikuwa mpishi wa pombe aliyesifika, na kila alipompa mgeni kibuyu alipiga yeye funda la kwanza, akajifuta mdomo, ndipo akampokeza. Hiyo waliiita kutoa sumu. Ni kumwambia mtu kwamba tukifa, tunakufa wote. Asiyeonja anajua alichotia.

Kija alimimina chai, akatia asali, akakamulia limau, akapiga magoti, akakiweka kikombe mbele ya mama mkwe wake kwa mikono miwili. Kisha akainuka akaenda zake jikoni. Hakuonja hata tone.

Kesho yake ikawa vilevile. Magreti akashindwa kuvumilia.

"Mbona wewe hunywi?"

Kija akatazama chini. "Nitakunywa, mama. Wakati wake ukifika."

Wakati wake! Magreti alihisi nywele zikimsimama. Alingoja binti aingie ndani, akatoka na kikombe chake polepole kama anayepunga upepo, akaimwaga chai yote kwenye shina la mpapai.

Ikawa ndiyo kazi yake. Kifua kikapona chenyewe, kama vifua vinavyopona mvua zikikatika, na Kija akaona dawa yake imekubali. Akazidisha bidii. Sasa chai ikawa ya kila jioni, ya kuutuliza mwili, alivyosema, ili mama alale vizuri. Na Magreti hakulala vizuri hata kidogo, kwa sababu ya kuiwazia chai.

Alianza kupeleleza. Akagundua kwamba si chai tu, hata ugali Kija hakuula mbele yake. Alikitenga chakula, akamnawisha mkono, kisha akabeba sahani yake akaenda kulia jikoni peke yake. Siku moja Magreti alinyata hadi kwenye tundu la ukuta wa jiko, akamwona binti akinywa ile chai iliyobaki, tena kwa raha zake, amekaa kwenye kigoda. Mtu mwingine angetulia hapo, akaomba radhi moyoni, akaenda kunywa ya kwake. Magreti yeye aliona jambo limezidi kuwa baya. Kumbe sufuria ni safi! Basi kinachotiwa kinapakwa ndani ya kikombe.

Mpapai nao ukaanza kugeuka njano. Magreti akamwita jirani yake, mama Irine, muuza vitumbua, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kulala mchana.

"Njoo uone kwa macho yako. Huu mti umekunywa kile nilichotakiwa kunywa mimi."

Mama Irine akaukagua mti, akamkagua na mwenye mti. "Mama Ditram, mpapai uumwagie maji ya moto kila siku, halafu ulitaka ukushukuru?"

"Wewe mtetee tu. Nikifa utakuja kula ubwabwa wa msiba."

"Nitakuja. Na nitakuja na sahani yangu."

Lakini Magreti hakucheka. Alikuwa anaogopa kweli, na hofu yake ilikuwa na jina la Ditram. Mwanawe alikuwa mmoja. Kama binti huyu ana nia ya kumwondoa mama, basi atabaki na mwana, na nyumba, na shamba la Tindiga ambalo ng'ombe wa kwao walishalionja. Jumamosi Ditram alipofika kutoka Mikumi, hata begi hajalitua, mama yake akamvuta nyuma ya nyumba.

Ditram alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. "Mama, jamani! Yaani mke wangu mchawi?"

"Mchawi sijasema. Nimesema haonji. Wewe umewahi kumwuliza kwa nini hali na mimi?"

"Nilimwuliza. Akasema ni mambo ya wanawake."

"Ehee. Umesikia hiyo?" Magreti akamshika mkono. "Leo nitampa kikombe mbele yako, na jirani atakuwepo. Akinywa, nitaufunga mdomo wangu, hutanisikia tena. Akikataa, kesho unamrudisha kwao. Usipomrudisha, mimi narudi Vidunda, na kaburi langu utaonyeshwa na watu."

Ditram alimjua mama yake kwa vitisho vingi, ila cha kurudi Vidunda hakuwahi kukisikia. Akaitazama miguu yake. Mwishowe akakubali, na kwa kukubali kwake akamchukia mama yake kidogo.

Mama Irine akaja na khanga begani, amejaa hamu. Wakakaa kibarazani. Kija akaleta sufuria na kikombe kama kawaida yake, akawasalimu wote, akapiga magoti ili amimine. Macho yake yalikuwa mekundu, na Magreti aliyaona, akayaandika kwenye hesabu ya ubaya.

"Acha," Magreti akasema. "Leo namimina mimi."

Akachukua sufuria, akamimina, akatia asali kwa mkono wake mwenyewe ili kisije kikatiwa kitu kingine. Akakinyanyua kikombe, akakisogeza hadi usoni kwa mkwe wake.

"Shika. Wewe kwanza."

Kija hakushika. Magreti akamgeukia mwanawe kwa jicho la kusema, unaona sasa.

"Mimi, mama?" Kija akauliza. "Kwa mkono wako?"

"Wewe. Kwa mkono wangu, na watu hawa wakiona."

Hapo Kija akalia. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Hakuishia kuonja. Alikunywa chote, kikiwa bado cha moto, machozi yakimwingia kikombeni, mpaka kitako kikaonekana. Kisha akakiweka chini, akainamisha kichwa hadi kikagusa magoti ya Magreti.

"Ahsante, mama. Ahsante sana."

Kija akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaanza kueleza, huku akicheka na kulia kwa pamoja. Kwa bibi yake aliyemlea, mke akiolewa hali wala hanywi mbele ya mama mkwe, mpaka siku ambayo mama mkwe mwenyewe atammiminia kwa mkono wake, ampe yeye wa kwanza, na watu waone. Siku hiyo ndipo anakuwa mtoto wa nyumba. Na jambo lenyewe haliombwi. Ukiliomba, umejipa mwenyewe, na halihesabiki.

"Nilingoja mpaka nikachoka," Kija akasema. "Kila jioni nikileta chai nasema moyoni, labda leo. Nikajua hunitaki, mama. Nguo zangu nimeshazifunga, ziko chini ya kitanda. Leo nilikuwa nimwambie Ditram anirudishe kwetu."

Ditram akainua uso akamtazama mama yake. Mama Irine alifumbua mdomo, akaufumba tena, jambo ambalo Magomeni nzima isingeliamini. Kija alikuwa ameshashika simu, anampigia bibi yake, anaongea Kisukuma kwa kasi. Mara vigelegele vikasikika kutoka upande wa pili, vya bibi, halafu vya wanawake wengine waliokuwa naye. Magreti alisikia jina lake likitajwa katikati ya lugha asiyoijua, likarudiwa tena na tena, na safari hii hakuhitaji kupeleleza ili ajue linatajwa kwa wema. Aliona aibu. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

Angesema ukweli? Maneno yalimfika kwenye meno. Akamtazama binti aliyepiga magoti mbele yake, uso umelowa na unang'aa, akaona kwamba ukweli huo ungemsaidia Magreti peke yake.

"Baba yupo hapo kwa bibi, anasema watakuja wote kushukuru," Kija akasema, akiweka simu chini. "Anasema hakutegemea. Alidhani watu wa huku hamtusamehi sisi wenye ng'ombe." Akajaza kikombe kwa haraka, akatia asali, akakamulia limau. Akakiinua ampe mama mkwe wake, kisha, kwa kuwa sasa aliruhusiwa, akapiga yeye funda moja kwanza kwa kujidai kidogo, akakipokeza.

Magreti akanywa. Tangawizi ilimchoma kooni, ikashuka, ikakifungua kifua chote, na nyuma yake ukaja utamu wa asali na ile harufu ya kivumbasi ya utotoni. Ilikuwa chai nzuri. Ilikuwa chai nzuri kuliko yoyote aliyowahi kunywa, na hilo lilimuumiza zaidi.

Kija alikuwa anamtazama kwa wasiwasi wa mpishi.

"Nisamehe, mama, leo nilikuwa na mawazo, mkono ukapitiliza kwenye tangawizi. Imekuwa kali kuliko ya siku zote?"

Mama Irine akageuka kutazama barabarani. Magreti akakizungusha kikombe mikononi, akitafuta ladha ya siku zote, asiipate.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Ni ileile."