Mzaha Wangu Juu ya Paka na Mchina

Paka wa mama alipopotea hapa Ibra, mimi ndiye niliyemtia hatiani jirani yetu. Nilirekodi sauti, nikaituma kwenye kundi la familia: "Mnamtafuta paka? Kaulizeni kwa Mchina, leo kapika nini." Nikaongeza kicheko, kile cha mtu aliyesoma chuo kikuu akadhani kila mzaha wake ni fikra.

Mchina mwenyewe ni mama wa makamo, rika langu, anauza sufuria, mapazia na taa katika duka alilopanga kwa ami yangu. Kufika magharibi sauti yangu ilikuwa imezunguka miji ya Nizwa na Sur, na kicheko kimeachwa njiani. Shangazi aliyeko Sur akanipigia kunisimulia habari yangu mwenyewe: "Wallahi, hata ngozi imeonekana!" Siku ya pili dukani hakuingia mtu. Siku ya tatu ami akasema mkataba wa duka unaisha mwezi huu, na haandiki mwingine.

Nikaenda dukani. Nikamweleza yule mama, kwa Kiarabu chepesi anachouzia, kwamba uvumi umetoka kwangu. Nilitarajia akane, nami nimwambie najua, yaishe. Akaweka chini mkasi aliokuwa akikatia pazia.

"Wako wanaokula," alisema. "Kwetu, kusini. Wengi hawali. Wezi wanakamata paka mitaani, wanawatia matunduni, wanawauza mikahawani. Paka wangu walimwiba nilipokuwa msichana. Mama yangu alikwenda sokoni, akakagua tundu baada ya tundu. Hakumpata." Akanitazama. "Na wewe umecheka."

Nikamwambia mkataba mpya wa duka nitampatia. Nilisema kwa uthabiti kabisa, mimi ambaye humwogopa hata kinyozi wangu.

Ijumaa baada ya sala nikaenda kwa ami. Majlis, sebule yake ya wageni, ilijaa wanaume. Shikamoo, marahaba, nikakaa. Nikamiminiwa kahawa, nami nikakiweka kikombe chini, mbele yangu, bila kukigusa.

Watu wakakigeukia kikombe. Kwetu mgeni asiyegusa kahawa amekuja na haja, na mwenye nyumba hawezi kutulia mpaka aisikie. Wazee hufanya hivyo kwa kuposa, au kuomba msamaha wa damu. Mimi nilikuja kwa ajili ya duka la sufuria.

"Kunywa, mwanangu," ami akasema.

"Sinywi, ami, mpaka unipe haja yangu."

"Yallah! Nani kauawa?" akauliza mzee mmoja.

"Paka," akajibu mwenzake, na majlis nzima ikacheka.

Nikangoja wamalize. Kisha nikasema yote: mzaha ni wangu, ushahidi sina, ngozi hakuna aliyeiona, na yule mama anakaribia kupoteza riziki yake kwa ulimi wangu; haja yangu ni aandikiwe mkataba mwingine.

"Na paka wa mama yako yuko wapi?"

"Sijui, ami. Na kutojua kwangu si kosa lake."

Ami akakitazama kikombe. "Uliyasema kwa simu. Itoe simu."

Nikarekodi mbele yao. "Futa," akasema ami. "Ule mzaha ulikuwa na nguvu, huu ukweli mbona kama una homa?" Nikarekodi tena, akanifutisha tena. Mara ya tatu nilisema kwa sauti ya kuuza samaki: nilimsingizia, niliona ni kichekesho, nisameheni, naye mwombeni radhi. Nikatuma. Shangazi akajibu papo hapo: "Astaghfirullah! Nami nishawaambia watu wa nyumba saba."

"Arudi nyumba zote saba," ami akasema. "Mwandikie hivyo."

Nikaandika. Akaimwaga ile kahawa iliyopoa, akanimiminia nyingine kwa mkono wake.

"Mkataba wa mwaka mmoja," alisema. "Mwambie yule mama aje Jumapili kuandika. Nawe uje naye, akiniuliza kwa nini nilitaka kumtoa, wewe ndiye utakayejibu."

Nikanywa.