Ya Kwanza, ya Pili au ya Tatu: Mabishano ya Saluni ya Tonton Pascal

Siye tuliokulia Bunia enzi zile, habari za mwisho wa dunia tulizipata kwenye saluni ya kunyolea. Saluni ilikuwa ya Tonton Pascal, mdogo wake mama. Alikuwa na jenereta kwa ajili ya mashine zake za kunyolea, na pembeni, chini ya kioo, aliweka televisheni, tele yetu, na mashine ya michezo aliyoitoa soko la Ariwara siku moja alipokwenda kununua poda na nyembe. Jenereta ikianza kuunguruma Jumamosi mchana, avenue nzima ilisikia. Tulifika mbio, miguu myekundu kwa vumbi, mmoja na hindi la kuchoma, mwingine na kipande cha muwa. Petroli, spiriti ya shingoni, nywele zilizoanguka sakafuni: harufu hizo nikizikuta pamoja hata leo, nasimama kidogo.

Mchezo tulioupenda ulikuwa na sehemu tatu. Zote zilisimulia nchi iliyoungua, mji umebaki vifusi, na wewe unatembea kutafuta maji, chakula na watu wa kuwaamini. Mama alikuwa akipita mlangoni na ndoo anatuambia, "Mukishamaliza kuokoa dunia, mukuje muchote maji."

Maji tulichota, lakini tukiwa tunabishana njia nzima, maana hatukupatana hata siku moja ni sehemu gani iliyo nzuri. Mimi nilikuwa wa ya kwanza. Watu wake walikuwa na nyuso za mraba kama tofali na walitembea kama wamebanwa na viatu, lakini kila nyumba iliyobomoka ilikuwa na habari zake: nani aliishi humo, alipika nini siku ile ya mwisho. Nilipenda kujua. Kaka yangu Claude alikuwa wa ya pili. Humo ulilazimika kuchagua, na ukimdanganya mtu asubuhi, jioni ndugu yake anakungojea njiani. Claude, ambaye nyumbani hakuna aliyemuuliza anataka nini, alipenda sana kuulizwa.

Na Ngabu alikuwa wa ya tatu. Ngabu alikuwa ametoka upande wa Djugu na familia yake wakikimbia vita, wakaja kwa shangazi yao mtaa wa Mudzipela. Sehemu ya tatu ilikuwa ya kujenga. Unachagua mahali, unapanda maharagwe, unaweka ukuta, watu wanakuja kuishi kwako.

"Ile si muchezo, ile ni kazi," Claude alisema. "Miye natoka kuchota maji nyumbani, nakuja tena kuchota maji mu tele?"

"Mu ile yako unapita tu," Ngabu alimjibu. "Kila fasi unaacha batu. Unalala wapi?"

Wateja nao waliingia. Nakumbuka mwalimu mmoja wa shule ya jirani, kichwa nusu kimenyolewa, akimshika Tonton mkono: "Pascal, ngoja kwanza. Nataka kuona kama huyu mutu atakubali." Alikaa hivyo, nusu mwalimu, nusu yatima, mpaka petroli ikaisha. Alienda nyumbani na kofia ya kuazima.

Jumamosi moja mabishano yalipita kipimo. Claude akatafuta neno la kuumiza. "Weye unapenda ya tatu juu haina kusoma," alimwambia Ngabu.

Ilikuwa kweli kwamba Ngabu alikuwa amepoteza miaka ya shule na Kifaransa kilimpa taabu. Sehemu ya pili ilijaa maandishi. Ngabu aliweka maneti, kile kidude cha kuchezea, juu ya kiti taratibu, kama mtu anayeweka yai, akatoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Tonton hakumpiga Claude. Alifunga mashine ya kunyolea, akasema, "Hapa kwangu, mutu hapana kutukana muchezo yenye hajamaliza. Claude, utacheza ya tatu mpaka mwisho. Ile ya pili naifungia mu kabati."

Basi Claude akajenga. Alijenga vibaya kwa hasira, kisha vibaya kwa bidii. Kila kijiji chake kilichomwa na wanyang'anyi, na wateja walimcheka. Ilipofika mahali hata mwalimu alimwonea huruma, Claude alinivuta mkono, tukapanda mpaka Mudzipela.

Ngabu alikuwa uani na shangazi yake, wakimenya karanga. Shangazi alitupa karanga na akatuachia mkeka. Claude alimenya nyingi bila kula hata moja.

"Wale banyang'anyi wanachoma kijiji yangu kila siku," alisema mwishowe.

"Ulijenga karibu na barabara?"

"Ndiyo."

Ngabu alicheka.

"Na ile neno nilisema," Claude akaongeza, macho kwenye karanga, "ilikuwa mubaya."

"Nilisikia," Ngabu alisema. Alikung'uta maganda, akatafuta kandambili zake.

Saluni ilijaa siku hiyo. Ngabu alikaa nyuma ya Claude akamwongoza: sogea mbali na barabara, panda maharagwe nyuma ya kilima, ukuta kwanza, nyumba baadaye. Claude alipomaliza nyumba ya kwanza, Ngabu akasema, "Weka milango mbili."

"Juu ya nini? Wanakuja upande mumoja tu."

"Nyumba yetu kule ilikuwa na mulango moja."

Tonton alizima mashine ya kunyolea. Mteja hakulalamika. Claude alibomoa ule ukuta aliouhangaikia mchana kutwa, akaweka mlango wa nyuma, kisha akaenda kwenye nyumba nyingine akaweka na kule. Hakuna aliyemharakisha.

Baadaye Tonton alifungua kabati, na Ngabu akaanza ya pili. Mimi nilimsomea, yeye akiniuliza neno moja moja, mpaka siku aliyoniambia ninyamaze, atasoma mwenyewe. Aliimaliza. Alipoulizwa, akasema ya tatu bado ni bora, na sasa anaweza kueleza kwa Kifaransa. Claude alikataa kabisa. Hata leo, mmoja fundi wa moto, yaani umeme, mwingine muuza samaki wa Kasenyi, wakikutana kwenye harusi wanatafuta kona wabishane, na wake zao wanahamisha viti.

Juzi mtoto wa Claude alinionyesha simu yake. Mchezo una sehemu mpya, na watu wanatukanana humo usiku na mchana. Mmoja ameandika kwamba wapendao ile ya kujenga hawana akili.

"Anaishi wapi huyo?" nilimuuliza.

"Sijui, tantine." Ndivyo anavyoniita mimi shangazi yake.

"Alitoka wapi? Alianza kuipenda lini?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama redio ya zamani. "Hiyo haiandikwi, tantine." Akavaa vile vitu vyake vya masikioni akaendelea kujibu.

Wao wana picha nzuri kuliko zetu, nyuso kama za watu kweli, na jenereta haiwakatizi. Siye tulikuwa na tele moja tu, na ukimuumiza mtu ulijua njia ya kwenda kwao.