Sauti Chini ya Mashua

Nilikuwa nakaanga viazi karai, saa nne asubuhi, hapa Mombasa ninapoishi tangu tulipoikimbia Kismayu ya Somalia, binti yangu alipoingia jikoni na simu. "Mama, filamu ya khalati imetoka!" Khalati wake huyo, yaani mama yake mdogo, ni binamu yangu, binti wa mama mdogo wangu, anayeishi Ulaya. Nikafuta unga mikononi, tukakaa mkekani, tukatazama.

Sikufichi, mwenzangu. Kabla picha ya kwanza haijatokea nilikuwa nishamwonea kijicho.

Ni filamu ya kutisha, lakini haina damu wala zimwi. Wasichana wawili wamebaki peke yao katika chombo kilichokufa mashine. Bahari imetulia kama maziwa bakulini, jua limesimama. Mmoja wao anasikia mama yake, aliyekwisha kufa, akimwita kutoka chini ya mbao. Hajui kama anasikia kweli au akili inamtoka. Basi, ni hayo tu mwanzo hadi mwisho, na binti yangu alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Baadaye akanionyesha kipande kingine: ukumbi mzima wa watu umesimama kumpigia makofi binamu yangu, naye, katika mtandio wa hariri, anawaambia, "Hiki ni kitu kilichonipata mimi nikiwa mdogo."

Kilichompata yeye! Na mimi je, nilikuwa wapi?

Tulilelewa nyumba moja, katika kimojawapo cha visiwa vyetu Wabajuni baina ya Kismayu na Burgao, kwa bibi mzaa mama zetu. Nyumba ya mawe ya matumbawe, paa la makuti, na nyuma yake jiko ambalo asubuhi lilinukia mkate wa mofa uliobandikwa ndani ya chungu cha moto. Kazi zetu zilikuwa kuteka maji ya kisima, yaliyokuwa na chumvi kidogo hata chai ikapata ladha yake, kugeuza samaki wa ng'onda juani, na kusuka ukili wa mikeka mpaka vidole vikachubuka. Siku za maji kupwa tulitoka kuokota mashaza miambani, na bibi akatupigia kelele kutoka ufukweni tusikanyage nyenga, wale taa wenye mwiba mkiani.

Mama mdogo alifariki binamu yangu akiwa na miaka minane. Homa ya siku nne tu. Kuanzia hapo bibi akawa wa binamu yangu. Kichwa cha samaki, ambacho sote tulikipigania, kilikwenda sahani yake. Nywele zake zilisukwa kwanza. Tukigombana, bibi alinitazama mimi na kusema, "We una mamako. Mwenzio ana nani?" Mama yangu alikuwa Kismayu akifanya biashara ya vitambaa sokoni, na nilimwona mara chache. Lakini alikuwa hai, na katika nyumba ile hilo lilihesabiwa kama kosa langu.

Nilikuwa na kitu kimoja ambacho binamu yangu hakuwa nacho. Nilijua kuiga sauti. Mwalimu wa chuo cha Kurani, jirani mwenye kigugumizi, mbuzi wa jirani, wote niliwatoa kooni mwangu, na bibi alicheka hadi akashika mbavu. "Huyu si mchu," alisema, yaani si mtu, "huyu ni kasuku!" Hizo zilikuwa dakika zangu.

Mwaka ambao sote tulikuwa na miaka kumi, kulikuwa na harusi Burgao. Bibi alitangulia. Sisi tukafuata na mjomba katika mashua yake ya mashine, pamoja na mikeka ya maharusi na mbuzi wawili. Binamu yangu alivaa gauni jipya la kijani alilonunuliwa na bibi. Mimi nilivaa la Idi iliyopita, limeshushwa upindo. Njia nzima alishika pindo la gauni lake lisilowe, na kila alipolishika moyo wangu ulichemka.

Karibu na kisiwa cha Darakasi mashine ikakohoa, ikanyamaza. Mjomba akaifungua, akaipuliza, akaitukana kwa Kibajuni, kisha kwa Kisomali. Haikuitika. Akatia nanga. Ng'ambo ya kisiwa kulikuwa na dago, kambi ya wavuvi, naye akaona aende na kihori tulichokuwa tukikivuta nyuma, kinachobeba mtu mmoja. "Kaeni katikati. Msisimame. Alasiri nitakuwa nimerudi," akasema. Tukamtazama akipiga kafi mpaka akazunguka mwamba.

Kisha kukawa kimya ambacho sijakisikia tena. Hapakuwa na upepo. Mbuzi waliacha kulia, wakakunja miguu. Maji yaligonga mbao taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Binamu yangu akasinzia. Kwenye omo, pale mbele, palikuwa na shimo dogo la kuwekea kamba. Nikatambaa nikaingia kutafuta kivuli.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Mama mdogo alikuwa akimwita binamu yangu "Kikasa", kama kasa mdogo, kwa sauti nyembamba yenye mkwaruzo, akiivuta silabi ya mwisho. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Tangu afe, hakuna aliyethubutu. Nikaweka mdomo kwenye mbao za chini, nikaita.

"Kikasa... Kikasa changu, njoo."

Ilitoka kama yeye mwenyewe. Hata mimi nywele zilinisimama.

Nilisikia gauni likichakacha. Nikaita tena. Nilitaka aogope, alie, ajikojolee juu ya kijani kile. Nilipochungulia, hakuwa akilia. Alikuwa amesimama ukingoni akitazama majini, uso umefunguka kama wa mtu aliyeona mgeni wake mlangoni. "Naam, mama," akasema. Akavusha mguu mmoja.

Katika filamu, yule msichana wa pili anaruka na kumdaka pale pale. Mimi sikuruka. Nilimtazama, na wazo likanipitia, wazi kabisa, kwamba kichwa cha samaki kingekuwa changu. Halafu akaanza kuvusha mguu wa pili, nami nikapiga kelele, nikamkamata gauni. Likachanika. Nilimvuta tukaanguka juu ya mbuzi.

"Umemsikia?" akaniuliza.

"Sikusikia kitu," nikamjibu.

Mjomba alirudi alasiri na fundi kutoka dagoni. Kule harusini binamu yangu aliugua, na bibi akamlaza mapajani siku tatu akimsomea Yasini, hata ngoma hakuzitazama. Mimi nilipewa lawama ya gauni. Sikuiga tena sauti ya mtu yeyote. Bibi alidhani nimekua.

Halafu vikaja vita, tukatawanyika. Bibi alifia kambini, upande huu wa mpaka, na sote wawili hatukuwapo.

Basi siku ile ya filamu, viazi vikaungua. Nilijaribu kumpigia binamu yangu mara tatu, nikakata mara tatu. Mara ya nne akapokea kabla sijakata.

"Abaayo!" akasema, yaani dada kwa Kisomali, kama tulivyoitana zamani. "Umeitazama?"

Nilikuwa nimejiandaa kumpongeza. Badala yake nikasema, "Ile sauti ilikuwa mimi."

Nikasikia gari likipita mtaani kwao.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Ulipotoka kwenye omo, ulikuwa na alama za mbao shavuni."

Nikakaa chini. "Kwa nini hukumwambia bibi? Angenichuna ngozi."

"Angekuchuna, halafu usingeniita tena." Sauti yake ikashuka. "Miaka miwili sikuwa nimemsikia mama. Nilikuwa nishaanza kumsahau. Nililala karibu yako miezi na miezi nikingoja uniite tena. Hukuniita."

Wivu wote ule, mwenzangu, nilioubeba kutoka kisiwani hadi hapa, sikujua niuweke wapi. Nikamwambia pia kuhusu mkono wangu uliochelewa kumdaka. Akaniuliza kitu kingine.

"Bado unaweza?"

Nikafunga mlango wa jiko. Nikajaribu. Nikajaribu tena. Nikaitafuta mahali pote nilipokuwa nikiipata, puani, nyuma ya ulimi, chini ya koo. Ilitoka sauti yangu tu, ya mwanamke mzima wa Mombasa, nzito kwa moshi wa mafuta. Bibi hayupo, mama yangu hayupo, mjomba hayupo. Waliomsikia mama mdogo akiita tumebaki sisi wawili, na mimi ndimi niliyekuwa nimemhifadhi, nikamtumia mara moja, kwa ubaya.

"Imepotea," nikamwambia.

"Haidhuru," akasema binamu yangu, akilia. "Usikate simu."