Jina Langu Mgongoni mwa Kiti

Nilipokuwa nafundisha ecodim, yaani shule ya watoto ya Jumapili, hakuna mwalimu aliyekuwa na darasa tulivu kama langu. Nasema hivyo bila aibu. Watoto walijaa kwenye banda la mbao nyuma ya kanisa, wakubwa wakiwapakata wadogo, na nikiinua kidole tu, kelele ziliisha. Nilikuwa muuza vitenge katika soko kuu la Bunia, mashariki mwa Kongo. Mimi na mume wangu tulitoka Butembo kabla watoto wetu hawajazaliwa, na soko lilikuwa limenifundisha kusema nikasikika.

Jumapili moja somo lilikuwa unyenyekevu. Niliwasimulia mfano wa Yesu kuhusu mgeni wa arusi aliyejikalisha mbele, kisha mwenye arusi akaja kumwambia ampishe mtu mkubwa kuliko yeye. Nikauliza, mtu wa Mungu akifika kwenye karamu aketi wapi? Binti yangu wa kwanza, mwenye miaka tisa, aliinua mkono kabla ya wengine.

"Anaikala nyuma, mama, mupaka bamwite."

Nikamsifu, na watoto wakampigia makofi.

Muda mfupi baadaye tuliingia kwenye ibada ya wakubwa. Hapa lazima nieleze habari ya viti. Mwaka ule biashara iliniendea vizuri, nikalitolea kanisa viti kumi na viwili vya plastiki, vya buluu, kwa sababu watu wengi waliketi kwenye mabenchi yasiyo na egemeo. Kabla ya kuvipeleka nilimwita fundi wa kuandika vibao, akaandika jina langu kwa rangi nyekundu mgongoni mwa kila kiti. Nilimwambia ni kwa ajili ya wezi. Viti vikapangwa mbele, upande wa akina mama, na mimi na watoto wangu tukazoea kuketi hapo.

Siku hiyo nilikawia mlangoni nikisalimiana na watu, binti yangu akatangulia. Kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameketi mwanamke mzee, mjukuu mgongoni. Sikumjua, ila kitenge chake kilichopauka na ndara zisizofanana vilinieleza kwamba ametoka kwenye kambi ya waliokimbia vita. Wakati ule watu wa upande wa Bule walikuwa wakikimbilia mjini makundi kwa makundi. Bunia yenyewe ilikuwa na amani. Watu walioana, walijenga, walinunua mabati, lakini kila nyumba ilijua mfuko wake wa kukimbia nao uko wapi.

Nikamsikia binti yangu akisema, kwa sauti ileile safi ya darasani, "Koko, simama. Hii kiti iko na jina ya mama yangu."

Koko ndivyo tunavyomwita bibi wa mtu. Yule mzee aligeuka, akatazama egemeo la kiti, akalipapasa kwa vidole.

"Unisamehe, mutoto," akasema. "Mi sijue kusoma."

Akainuka, akamkaza mjukuu mgongoni, akaenda kwenye benchi la nyuma.

Nitasema jambo lilivyokuwa. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa raha ndogo, kwamba mtoto wangu anajua kulinda chetu. Aibu ilikuja ya pili, na ilikuja yote kwa pamoja. Hata hivyo nilikwenda nikaketi kwenye kile kiti, kwa sababu wimbo ulikuwa umeanza na watu walikuwa wananitazama. Nilikaa hapo ibada nzima. Ilipokwisha nikamtafuta yule mzee, nikamkosa.

Nyumbani nikamwita binti yangu jikoni, nimejiandaa kumkaripia.

"Asubuhi umesema mutu anaikala nyuma mupaka aitwe. Sasa umemufukuza koko wa watu namna gani?"

Alinitazama bila kiburi chochote, kama mwanafunzi aliyepewa swali asilolielewa. "Lakini mama, ni weye ulinionyesha."

"Siku gani?"

"Siku ya ubatizo. Ulimwambia ule mama wa korali, 'Mama, samahani, hii iko na mwenyewe.' Ukacheka. Naye akatoka."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimecheka kweli, kwa upole wote, na yule mwanakwaya naye alicheka huku akihama. Nikamwambia binti yangu amalize kutwanga sombe, majani ya mhogo ya chakula cha jioni, nami nikatoka uani nikajifanya naanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumamosi tulikwenda kanisani sisi wawili, na chupa ya petroli na chuma laini cha kusugulia masufuria. Tukavitoa viti vyetu nje, tukaanza kulisugua jina langu. Rangi ya mafuta haitoki kwa kubembelezwa. Vidole vilituwasha, na buluu ya plastiki ikabaki na mikwaruzo. Binti yangu akauliza kama tufute na majina kwenye viti vya wengine, maana si mimi peke yangu niliyeandika.

"Ile haituangalie," nikamwambia. "Tufute yetu."

Katikati ya kazi mchungaji akatokea, anatembea haraka. Mlinzi wa kanisa alikuwa amempigia simu kwamba navichukua viti vyangu kwa hasira.

"Mama, nani amekukosea?"

"Hakuna, pasta. Ni mimi nimekosa." Nikamweleza yote, binti yangu akisikiliza.

Uso ukamng'aa. "Kesho nitasema hii mbele ya kanisa lote. Ni mfano mukubwa."

Na mimi, nimepiga magoti pale, petroli mikononi, nikajiona tayari nimesimama mbele ya watu, nimevaa kitenge kipya, akina mama wakitikisa vichwa kwa heshima. Picha hiyo ilinipendeza kuliko jina lenyewe lilivyowahi kunipendeza.

"Hapana, pasta," nikasema. "Ukitangaza, utakuwa umeniandika tena."

Alicheka, akakunja mikono ya shati, akachukua kiti kimoja na kipande cha chuma.

Jumapili yule mzee hakuja. Jumanne, watoto walipotoka shuleni, nilifunga meza yangu sokoni mapema, tukaenda na binti yangu kambini. Tuliuliza mara nyingi kabla ya kumpata mbele ya kibanda chake cha turubai, akipepeta maharagwe. Alitutambua mara moja. Binti yangu alipiga magoti bila kuambiwa.

"Koko, nilikutoa kwa kiti. Haikuwa muzuri. Unihurumie."

"Mama, alijifunza kwangu," nikaongeza. "Kosa ni yangu kwanza."

Mzee aliweka ungo chini. Nilitegemea machozi, au maneno ya baraka. Akaanza kucheka, polepole, mabega yakitikisika.

"Kwetu nilikuwa prezida wa bamama," akasema. "Bwana yangu alinichongea kiti ya mugongo murefu ya kanisa. Mutoto akiikala pale, namuvuta masikio. Hata pasta hakuikala." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kiti iliungua pamoja na kanisa. Ile siku uliponiambia nisimame, nilisema moyoni, ah, leo ni zamu yangu."

Akasukuma kigoda chake, ambacho ndicho pekee alichokuwa nacho, kuelekea kwa binti yangu. Binti yangu akarudi nyuma. "Hapana, koko, ikala weye."

"Nimekupatia," mzee akasema, na sauti ya prezida ikasikika. "Mutu akikupatia kiti, unaikala. Ao unataka nisiweze hata kupokea mugeni?"

Binti yangu akaketi. Tukapewa viazi vitamu vya kuchoma, tukala vyote. Kupokea ni somo ambalo sikuwa nimewahi kulifundisha, na nilikuwa nimefundisha miaka mingi.

Nilimwomba aje kusema na watoto wa ecodim, naye akaja. Aliwasimulia habari ya kiti chake, nami nikawasimulia ya kwangu, pamoja na ile siku ya ubatizo. Mtoto mmoja akamuuliza ni masikio ya wangapi aliyoyavuta.

"Ya bote," akajibu, na darasa likaangua kicheko.

Alisali nasi mpaka mvua zilipokaribia. Kisha tukasikia kwamba njia ya kwao imetulia, akaamua kurudi kupanda. Nilimsihi angoje. Akaniambia maharagwe hayangoji mtu. Miaka michache baadaye mama mmoja aliyekuja sokoni kutoka upande ule aliniletea mfuko mdogo wa maharagwe kutoka kwa koko, pamoja na swali lake: je, ule mutoto amemaliza shule ya msingi? Nilimtuma amwambie kwamba amemaliza, na kwamba anamsalimu sana.